Bomba la chini ya ardhi: mtaro, soksi, kupasua au drili? Maoni yangu baada ya kazi tatu

Nyota nne kati ya tano, na nawapa hizo nyota wakandarasi waliotengeneza mabomba yetu kwa sababu kabla hawajashusha mashine yoyote kwenye lori walishusha kamera kwanza. Hiyo moja tu inatosha kuwatofautisha na wale niliowahi kufanya nao kazi kabla, nitawaelezea huko mbele.

Kwa kifupi, mimi nasimamia matengenezo kwenye kampaundi ya majengo kadhaa, mabomba ni ya zamani kuliko watu wengi wanaoishi humo. Maji taka yanapita kwenye bomba la udongo wa kuchoma la milimita 150, mita 84 kutoka chemba hadi chemba, limepita chini ya njia ya magari na chini ya miti miwili mikubwa. Maji safi yanakuja na bomba la chuma cha kusubu la milimita 80, kile chuma kinachovunjika kama chungu ukikigonga vibaya. La maji taka lilikuwa linaziba kila baada ya wiki chache na la maji safi lilikuwa linavuja sehemu ambazo hatuzioni, presha inashuka tu. Yote mawili yalitakiwa kufanyiwa kazi na kila fundi niliyempigia alikuja na jibu lake mkononi kabla hajaangalia chochote, mmoja chimba kote, mwingine tunapitisha drili siku mbili tumemaliza, mwingine visheni bomba jipya ndani ya lile la zamani. Wote wanaongea kwa uhakika kabisa. Ukiwauliza bomba lina shida gani kule chini hawajui, na mimi pia nilikuwa sijui.

Sasa hawa wa kamera. Walisafisha kwanza kwa maji ya presha kubwa maana kamera kwenye uchafu haioni kitu, halafu dada mmoja akaketi kwenye gari lao na skrini, kamera ikaingia taratibu inahesabu mita. Mita ya kwanza mpaka ya thelathini bomba lipo vizuri, nyufa ndogo ndogo kwenye jointi basi. Kufika mita 31 picha ikaanza kuwa na ukungu, maji yakapanda kwenye lenzi, kisha kamera ikazama kabisa, tukaona kijani tu na vipande vinaelea. Dada akasimamisha akaniambia, "Bosi, hapa bomba limeweka tumbo, maji yanalala." Akaisukuma polepole, ikaibuka mita ya 38. Mita saba bomba limezama katikati, kila kinachopita pale kinatulia, mafuta yanaganda, ndo maana linaziba. Mbele zaidi, mita 52 mpaka 60, mizizi imeingia kwenye jointi imetanda kama nywele. Baada ya hapo safi mpaka chemba ya pili.

Nimeeleza hivi kwa urefu kwa sababu ile video ndo iliyochagua njia, hakuna mtu aliyeichagua. Tumbo haliponi kwa kuvisha kitu ndani, soksi (mfuko wa kitambaa unaogandishwa ndani ya bomba la zamani) inafuata bomba lilivyo, bomba likiwa limezama na soksi inazama nalo, utakuwa na dimbwi la maji kwenye bomba jipya. Mizizi na nyufa soksi inavimaliza kabisa. Kwahiyo uamuzi wao ulikuwa kuchimba mtaro mita tisa tu pale kwenye tumbo, kupanga mteremko upya, halafu mita zote 84 kuvishwa soksi kuanzia chemba hadi chemba. Miti ikabaki, njia ya magari ikakatwa sehemu moja tu.

Nianze na mtaro basi. Watu wengi siku hizi wanaudharau kwa sababu kuna mashine za kupita bila kuchimba, ila kama bomba ni fupi, halijaenda chini sana, juu yake kuna nyasi tu na hakuna msongamano wa nyaya na mabomba mengine, chimba. Unaona unachofanya, unapima mteremko kwa leiza, unaona kila jointi kwa macho yako. Pia ndo njia pekee ya maana pale bomba limehama kutoka kwenye mstari wake. Shida zake ni mbili ambazo watu wanazichukulia poa. Ya kwanza ni kingo. Meta moja ya ujazo ya udongo inafika tani moja na nusu na zaidi, ukimwangukia mtu mpaka kifuani tu hawezi kuvuta pumzi, na kuporomoka kwenyewe hakuchukui hata sekunde chache. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka mtaro ukifika futi 5, kama mita 1.5, uwe na kizuizi cha kingo au uchimbwe kwa kulaza pembeni, isipokuwa kama ni mwamba mtupu, na udongo uliotolewa ukae angalau futi 2 mbali na ukingo. Hawa wetu walikuwa mita mbili kwenda chini na walishusha kizuizi cha chuma kabla mtu hajaingia, ngazi ikawekwa mle mle kwenye kizuizi, udongo wote wakausogeza mbali. Niliwahi kuona mafundi wanashuka mtaro wa kina hicho hicho wakiwa wameegemeza mbao mbili tu, moyo wangu ulikuwa mkononi siku nzima. Ukiona mkandarasi hana kizuizi mzuie asishushe watu, usione aibu.

Ya pili ni kufukia. Hapa ndo bomba jipya linapopata tumbo jipya. Chini ya bomba inatakiwa itandikwe mchanga au kokoto laini, milimita 100 mpaka 150, ubavuni mjaze na kushindilia kwa mkono taratibu, halafu juu mrudishe kwa matabaka, kila tabaka linashindiliwa peke yake. Miaka ya nyuma kuna mtu alituchimbia upande mwingine wa kampaundi akarudisha udongo wote kwa mashine ya kijiko mara moja, akapita juu na tairi mara mbili akaondoka. Msimu wa mvua wa kwanza ukaacha bonde la urefu wa mtaro mzima na slebu juu yake ikapasuka. Hawa wa sasa walileta kompekta ndogo ya kuruka, mashine ya kushindilia, nikasimama pale nikahesabu matabaka, saba. Mvua zimeshapita na mahali pale pako sawasawa na pembeni yake.

Soksi sasa. Jina lake la kitaalamu ni refu, mafundi wenyewe wanaita soksi au laina na mimi naita hivyo hivyo. Ilianzia London mwaka 1971, mhandisi anaitwa Eric Wood alikuwa na bomba la maji taka la zamani linalotakiwa kukarabatiwa bila kubomoa mtaa. Wazo lake halijabadilika sana mpaka leo: unachukua mfuko mrefu wa kitambaa kinene, unaulowesha resini, yaani gundi ya plastiki inayoganda ikawa ngumu, unauingiza kwenye bomba kwa kuupindua kama unavyopindua soksi ndani nje ukitumia presha ya hewa au maji, ule upande wenye resini unaishia kugusa ukuta wa bomba la zamani, halafu unaupasha kwa maji ya moto au mvuke au unaupitishia taa za UV mpaka ugande. Ukishaganda una bomba ndani ya bomba, halina jointi hata moja kutoka chemba hadi chemba. Mizizi haina pa kuingilia tena.

Nilisimama kwenye chemba ya mwisho nikisubiri itokee. Kwanza unasikia hewa inasukumwa, kisha unaona kichwa cha mfuko kinajikunjua kutoka gizani chenyewe, kinene, kinang'aa kwa resini, kinakuja taratibu mpaka kinagusa ukuta wa chemba. Wakafunga, wakaanza mvuke, masaa kadhaa. Baadaye roboti mdogo mwenye msumeno wa kuzunguka akaingia kufungua matundu ya mabomba yanayotoka kwenye nyumba, maana soksi inayafunika yote, na yule dada wa kamera alikuwa anayatambua kwa vishimo vidogo vinavyobonyea kwenye ukuta mpya. Kila tundu lilikuwa limeshapimwa kwenye ile video ya mwanzo, mita kwa mita. Bila video ile unafungulia wapi?

Mambo mawili ya kuzingatia kwenye soksi. Harufu, ni kali. Resini nyingi zina kemikali inaitwa staireni na mvuke wake unatafuta njia, unapanda kwenye mabomba ya nyumba. Walipita nyumba kwa nyumba jana yake wakaomba kila mtu amwage maji kwenye matundu ya sakafu na masinki ambayo hayatumiki, ile trapu, kona ya bomba inayoshika maji ili harufu isipande, ikiwa kavu haizuii kitu. Nyumba moja ilikuwa haina mtu, hatukuwa na funguo, na ndo hiyo hiyo iliyojaa harufu mpaka ikaingia kwa jirani. Mama wa pale ana mtoto mwenye pumu, ilibidi atoke ashinde kwa ndugu zake siku nzima. Hapo walikosea na mimi nilikosea, ilitakiwa tusianze mpaka nyumba zote zimepitiwa. La pili ni upana. Watu wanaogopa kwamba bomba litakuwa dogo. Ni kweli linapungua milimita chache kila upande, ila ukuta mpya ni laini kuliko ule wa udongo na jointi zake, kwahiyo mara nyingi maji yanapita vilevile au vizuri zaidi.

Hapo ndo tofauti na ile ya kuvisha bomba gumu ndani ya bomba. Yule fundi aliyetushauri hivyo alitaka kupitisha bomba la ndani la milimita 125 kwenye 150 letu. Ukisikia unaona tofauti ni milimita 25 tu, ila uwezo wa bomba kupitisha maji haupungui sawa na kipenyo, unashuka kwa kasi zaidi, ukipiga hesabu kwa mteremko ule ule na ulaini ule ule unapoteza karibu asilimia 40. Kwa bomba kubwa ambalo lina nafasi ya ziada ni njia rahisi na nzuri sana, tena haina mambo mengi, unasukuma, unajaza saruji nyepesi kwenye nafasi iliyobaki kati ya mabomba mawili, umemaliza. Kwa bomba la 150 linalobeba majengo mengi hapana.

Maji safi yalienda kwa njia nyingine kabisa, kupasua. Hii kiukweli ndo ilinifurahisha kuliko zote. Ilianzishwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kubadilisha mabomba madogo ya gesi ya chuma cha kusubu, na sisi chuma chetu ndo hicho hicho. Unachimba shimo la kuanzia na shimo la kupokelea, unapitisha fito ndani ya bomba la zamani, unafunga kichwa cha chuma chenye umbo la koni kipana kuliko bomba, nyuma yake umefunga bomba jipya la plastiki ngumu (HDPE), mashine ya haidroliki upande wa pili inavuta. Kichwa kinapita kinavunja bomba la zamani na kusukuma vipande pembeni kwenye udongo, na jipya linaingia hapo hapo nyuma. Faida kubwa ambayo soksi haina ni kwamba unaweza kuweka bomba kubwa kuliko la mwanzo, sisi tulitoka 80 tukaweka la 110. Unasikia pale juu mlio wa chuma kinapasuka chini ya miguu, tu-tu-tu, na udongo unatetemeka kidogo.

Ila msikimbilie bila kuuliza maswali. Kama bomba la zamani ni la chuma cha pua au kile cha kupinda halipasuki, linahitaji kichwa chenye visu vya kulichana. Kama ni la asbestosi vipande vinabaki ardhini na hilo ni suala la afya na sheria, ulizeni mapema. Ule udongo unaosukumwa lazima uende mahali, bomba likiwa karibu na uso wa ardhi au kuna bomba la mtu mwingine limelala sentimita chache pembeni utainua lami au utavunja bomba la jirani. Na kila muunganisho wa nyumba unachimbiwa shimo lake. Sisi tulikuwa na miunganisho saba kwenye umbali mrefu, mashimo saba madogo, sawa. Ingekuwa nyumba zimebanana kila mita tano unachimba shimo, sa hapo si bora ungechimba mtaro tu?

Kitu kimoja ambacho nilikiangalia kwa makini sana ni jointi za lile bomba la HDPE. Mabomba yanaungwa kwa joto, ncha mbili zinakwanguliwa zinakuwa tambarare, zinabanwa kwenye sahani ya moto ya nyuzi 200 na kitu, zinayeyuka kidogo, sahani inatolewa haraka na ncha zinakandamizwa pamoja. Pale zinapokutana plastiki inafura inajikunja pande zote mbili, inatoka mikunjo miwili kama pete. Pete zikiwa sawa mzunguko mzima jointi ni nzuri, zikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili irudiwe. Fundi mmoja kijana alitaka kufungua klampu mapema maana jua lilikuwa linazama, mkubwa wake akamwambia, "Mdogo wangu, acha ipoe ikiwa imebanwa, ukifungua sasa hivi umeunganisha macho tu." Wakasubiri. Na bomba lilipotokea shimo la pili walilipangusa tukaangalia mikwaruzo, kanuni yao ni kwamba mkwaruzo ukizidi asilimia 10 ya unene wa ukuta wa bomba kipande hakifai. Tulikuta mmoja, wakaupima, mdogo. Halafu hawakuunga siku ile, waliacha mpaka kesho yake maana bomba likivutwa linarefuka na linahitaji muda lijirudi, ukiunga moto moto jointi ya mwisho inachomoka yenyewe usiku. Hayo mambo madogo ndo yanakuonyesha unafanya kazi na nani.

Sasa drili, na hawa ni kampuni nyingine sitaitaja jina. Drili ya kulaza yenyewe ni teknolojia nzuri sana na nayo ni ya mwaka 1971, Martin Cherrington alipitisha bomba la gesi chini ya mto Pajaro kule California bila kugusa maji. Kwa kuvuka mto, barabara kubwa, reli, sijui kama kuna kitu cha kuishinda. Unachimba tundu jembamba la kwanza lenye sensa kichwani, mtu juu anatembea na kifaa anasoma kichwa kiko wapi na kina gani, halafu unapanua tundu mpaka kama mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba, unavuta bomba ukirudi. Tundu linashikiliwa lisianguke na tope la bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi.

Miaka miwili kabla ya kazi hii tuliwaita watupitishie bomba la maji chini ya barabara ya ndani. Hawakuuliza udongo ukoje. Pale chini kuna tabaka la kokoto la zamani lililofukiwa, drili ikaanza kuhangaika, wao wakaongeza presha ya tope, na tope likatafuta njia yake likaibuka kwenye bustani, ukiangalia unaona majani yanainuka polepole, halafu uji wa kijivu unachuruzika kutoka ardhini, mpaka mlangoni kwa mtu. Tulizoa kwa ndoo. Baadaye ndo nikaelewa kwamba tope kuibuka ni hatari inayojulikana, inapangiwa kabla, unaenda chini zaidi, unapunguza presha, unakuwa na gari la kunyonya tayari. Wao hawakuwa hata na koleo za kutosha.

Na hao hao ndo waliorudi kutuambia maji taka nayo wapitishe kwa drili. Fikiria hili: maji taka yanatembea kwa mteremko tu, hakuna pampu. Kifaa cha kawaida cha kusoma kina kinaweza kukosea kama asilimia 5, ukiwa mita mbili chini hiyo ni sentimita 10. Mteremko wetu ni kama sentimita moja na nusu kila mita. Ukikosea sentimita 10 katikati umejitengenezea tumbo lingine refu, lile lile tulilokuwa tunalikimbia. Zipo drili zenye vifaa makini zaidi na watu wenye uzoefu wanaoweza, ila kwa bomba la kutiririka lenye mteremko mdogo ningeuliza mara kumi. Kwa mabomba makubwa ya maji taka yaliyo chini sana, hasa penye maji ya ardhini, kuna mashine ndogo za handaki zinazoongozwa kwa leiza, zilianza kutumika Japani miaka ya 1970, hizo ndo za mteremko wa uhakika ila zinahitaji mashimo makubwa ya kuanzia na kazi yenyewe iwe kubwa.

Na kwa vibomba vidogo vya kuingia nyumba moja kuna ile nyundo ya hewa inayojigonga yenyewe ardhini, hii waliitumia kwetu sehemu mbili, nusu saa imetoka upande wa pili. Haina usukani, ikikutana na jiwe inapinda, na isiende juu juu, kina kisipungue mara kumi ya kipenyo chake la sivyo inabinua ardhi.

Nyota moja nimewanyima kwa ajili ya ile nyumba ya harufu, na kwa jambo la mchoro. Walivyopita kutafuta nyaya na mabomba mengine ardhini walifanya vizuri, rada yao haikuona vizuri kwenye udongo wetu wa mfinyanzi na walisema wazi, wakachimba vishimo kwa mashine ya kunyonya udongo kuthibitisha kwa macho. Ila bomba jipya la plastiki halionekani na kifaa chochote cha kutafuta chuma, linatakiwa liwekewe waya wa shaba juu yake lisije likapotea. Waya wamevuta kwenye bomba la 110, kwenye vibomba vya nyundo hawakuweka, na mchoro wa mwisho unaoonyesha vimepita wapi niliahidiwa ndani ya wiki mbili, leo ni mwezi wa tatu. Kwa sasa nimepima mwenyewe kutoka kona za majengo, nimeandika na kubandika ndani ya mlango wa chumba cha pampu. Wakileta mchoro narekebisha hizi nyota.